Shairi, Sauti na Piano: Wimbo wa Kisanaa wa Kijerumani Mwanzoni mwa Karne ya 20

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji ya Vienna, Berlin, Munich na Leipzig, aina moja ndogo ya muziki, iliyohitaji mwimbaji mmoja, piano moja na shairi moja tu, ilibeba mzigo wa mabadiliko ambao opera na okestra, pamoja na utajiri wao wote, hazikuwa tayari kuubeba. Wajerumani huiita Lied, na hapa itaitwa wimbo wa kisanaa, yaani wimbo ambao mtunzi ameuandika noti kwa noti juu ya shairi lililokwisha kutungwa na mshairi, huku sehemu ya piano ikitungwa kwa uangalifu uleule unaotumika kwa sehemu ya sauti. Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili ataufahamu mara moja udugu uliopo kati ya shairi na uimbaji, ila atakutana na tofauti ya msingi: mahadhi ya utenzi ni mali ya wote, na mahadhi mamoja huweza kutumikia tenzi nyingi zenye mizani ileile, ilhali muziki wa wimbo wa kisanaa hutungwa kwa ajili ya shairi moja pekee na hauhamishiki kwenda kwa jingine, hata kama mizani na vina vinalingana.

Asili ya jambo hili ni ya karne moja kabla. Franz Schubert alipotunga Gretchen am Spinnrade mwaka 1814, akiwa na umri wa miaka 17, aliipa piano kazi ya kuigiza mzunguko wa gurudumu la kusokotea uzi, na tangu hapo piano haikuwa tena fimbo ya kumshikia mwimbaji sauti bali mshiriki katika kulisimulia shairi. Nyimbo hizo ziliimbwa kwanza sebuleni, katika nyumba za watu wa tabaka la kati ambao binti zao walifundishwa piano kama sehemu ya malezi, na viwanda kama Bösendorfer ya Vienna, iliyoanzishwa mwaka 1828, na Bechstein ya Berlin na Blüthner ya Leipzig, zote mbili za mwaka 1853, vilistawi kwa sababu ya nyumba za namna hiyo. Kutoka sebuleni wimbo ulihamia ukumbini polepole. Mwaka 1856 mwimbaji Julius Stockhausen aliimba mjini Vienna mfululizo mzima wa Schubert uitwao Die schöne Müllerin, jambo geni wakati ambapo nyimbo ziliingizwa mojamoja katikati ya vipande vya opera na vya piano. Na kufikia mwisho wa karne ya 19 palikuwa na kumbi ndogo zilizojengwa na watengenezaji wa piano wenyewe, kama Bösendorfer-Saal ya Vienna ya mwaka 1872 na Bechstein-Saal ya Berlin ya mwaka 1892, ambamo hadhira iliketi jioni nzima ikisikiliza nyimbo tu.

Hugo Wolf, aliyefariki Vienna mwaka 1903 baada ya miaka kadhaa ya maradhi ya akili, ndiye aliyekikabidhi kizazi kipya imani kwamba shairi ndilo bwana wa wimbo. Mkusanyo wake wa mwaka 1888 aliupa jina la mshairi, akauita mashairi ya Eduard Mörike kwa sauti na piano, kana kwamba kazi yake mwenyewe ilikuwa kuyasoma tu kwa njia ya muziki. Heshima hiyo ilikuwa na matokeo makubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mtunzi anayefuata kila kituo na kila pumzi ya shairi hulazimika kuvunja urari wa lahani aliorithi, na Wolf aliuvunja mara nyingi.

Richard Strauss alikuja katika wimbo kwa njia nyingine, njia ya sauti ya mwanamke mmoja. Tarehe 10 Septemba 1894 alimwoa mwimbaji wa opera Pauline de Ahna, na zawadi yake ya harusi ilikuwa nyimbo nne zilizochapishwa kama opus 27, yaani kazi yake namba 27, mmojawapo ukiwa Morgen!, kwa maneno ya John Henry Mackay, mshairi wa Kijerumani aliyezaliwa Uskoti. Katika wimbo huo piano huimaliza lahani yote peke yake kabla mwimbaji hajafungua kinywa, naye anapoingia huanza na neno la kuunganisha, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokwisha kuanza kimoyomoyo. Kwa hiyo msikilizaji hugundua kwamba kile alichokidhani kuwa utangulizi kilikuwa sehemu ya kwanza ya wimbo wenyewe. Pauline alikuwa soprano, yaani mwenye sauti ya juu kabisa miongoni mwa sauti za wanawake, na kwa zaidi ya miaka 10 mume na mke walisafiri pamoja wakitoa nyimbo hizo, safari ya mwaka 1904 ikiwafikisha Marekani. Kufikia mwaka 1906 Pauline alikuwa akiondoka jukwaani, na katika mwaka huohuo mumewe aliacha kutunga nyimbo za piano, asirudi tena hadi mwaka 1918. Kulikuwa na sababu nyingine pia, zikiwamo ugomvi na wachapishaji na mafanikio ya opera zake Salome na Elektra, lakini historia ya muziki, iliyozoea kuwaandika watunzi na kuwasahau waimbaji, haina budi kukiri kwamba nyimbo hizi zilitungwa kwa kipimo cha koo fulani, na koo hilo liliponyamaza kalamu nayo ilinyamaza.

Sauti ya soprano ina masharti yake ambayo mtunzi wa wimbo hawezi kuyakwepa. Kadiri sauti inavyopanda, ndivyo irabu zinavyozidi kufanana, na katika noti za juu kabisa sikio halitofautishi kwa urahisi kati ya i na e wala kati ya u na o. Neno hupotea, na kinachobaki ni mng’ao wa sauti tupu. Katika opera hasara hiyo huvumilika, kwa kuwa vitendo vya jukwaani humwelekeza mtazamaji, lakini katika wimbo wa kisanaa, ambamo mwimbaji husimama kando ya piano bila mavazi ya mchezo wala mandhari, neno likipotea limepotea. Watunzi hodari wa kipindi hicho kwa hiyo waliyaweka maneno yenye uzito katika eneo la kati la sauti, wakaacha noti za juu kwa silabi ambazo msikilizaji amekwisha kuzikisia, au kwa nafasi ambayo shairi lenyewe limefikia ukingo wa usemi. Anayezisoma nyimbo za Strauss kwa jicho hili ataona jinsi alivyomjua mkewe na jinsi alivyoijua kazi hiyo.

Si kila mwanamke aliyekuwa karibu na nyimbo hizi aliruhusiwa kubaki nazo. Alma Schindler wa Vienna, mwanafunzi wa Alexander Zemlinsky, alikuwa ametunga nyimbo nyingi za sauti na piano kabla ya kuolewa na Gustav Mahler mwezi Machi 1902. Miezi michache kabla ya ndoa, Desemba 1901, Mahler alimwandikia barua ndefu akimtaka aache utunzi, kwa hoja kwamba nyumba moja haiwezi kuwa na watunzi wawili, naye akakubali. Ni mwaka 1910 tu, ndoa ilipokuwa ikiyumba, ambapo Mahler alizipitia tungo hizo na kuhimiza zichapishwe, na nyimbo tano, miongoni mwake zile za maneno ya Richard Dehmel, Rainer Maria Rilke na Heinrich Heine, zikatolewa na kampuni ya Universal Edition. Nyimbo zilizochapishwa katika maisha yake yote ni 14. Ubora wa zile tano za kwanza, hasa ujasiri wake wa kuiacha sauti ikining’inia mahali ambapo piano haijaamua iende wapi, unatosha kuonyesha ukubwa wa hasara, na hakuna haja ya kuipamba hasara hiyo kwa maneno ya kumtetea aliyeisababisha.

Dehmel aliyetajwa hapo juu anastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa bila washairi wa kizazi chake mabadiliko yaliyofuata yasingekuwa na pa kushika. Alikuwa akiandika waziwazi kuhusu mapenzi ya mwili, kiasi kwamba mwaka 1897 mahakama ya Berlin iliamuru shairi lake moja lifutwe katika nakala za kitabu chake, na Arnold Schoenberg, kijana wa Vienna aliyejifunza utunzi karibu peke yake, alipoyatungia muziki mashairi hayo mwaka 1899, aliona, kama alivyomwandikia mshairi miaka kadhaa baadaye, kwamba yalikuwa yakimlazimisha kutafuta sauti mpya. Stefan George alikuwa kinyume cha Dehmel: mshairi wa baridi na adabu kali, aliyeandika nomino za Kijerumani kwa herufi ndogo kinyume na sarufi ya lugha hiyo na kupunguza alama za uandishi, ili msomaji asiyamudu mashairi yake kwa haraka. Kutoka katika kitabu chake cha mwaka 1895 Schoenberg alichukua mashairi 15 yanayosimulia mapenzi ndani ya bustani ya kifahari, tangu kukutana hadi kuachana na bustani kuharibika, akatunga kati ya mwaka 1908 na 1909 mfululizo uitwao Das Buch der hängenden Gärten, opus 15.

Ili kuelewa kilichotokea katika mfululizo huo ni lazima kukumbuka kwamba muziki wa Ulaya kwa takriban miaka 300 ulikuwa umejengwa juu ya mfumo ambamo noti moja huwa kituo, nazo noti nyingine zote hupimwa kwa ukaribu au umbali wake na kituo hicho, hivyo kwamba msikilizaji, hata asiyesomea muziki, huhisi wimbo umeondoka, umetangatanga na hatimaye umerudi. Mfumo huo ndio ulioamua wimbo uwe na urefu gani, uishie wapi, na sauti zipi zinazokwaruzana zihitaji kutulizwa na zile zinazofuata. Schoenberg aliacha kituo. Sauti zinazokwaruzana ziliachwa zisimame zenyewe bila kudaiwa suluhu, na hilo likazaa swali gumu: kama hakuna pa kurudi, muziki utajuaje kwamba umefika? Jibu lake la kwanza lilikuwa shairi. Miaka mingi baadaye, akiwa Marekani, alieleza kwamba katika kipindi hicho tungo zisizo na maneno zilimtokea fupi mno, na kwamba aligundua namna ya kujenga maumbo makubwa zaidi kwa kufuata matini. Shairi la George lilianza, likapumua, likaisha. Muziki ulishika njia hiyohiyo.

Hata hivyo mwaka 1912, katika makala iliyotokea ndani ya kitabu cha wachoraji wa Munich kiitwacho Der Blaue Reiter, Schoenberg huyohuyo aliandika kwamba alikuwa amezifahamu nyimbo kadhaa za Schubert kwa miaka mingi bila kujua mashairi yake yanahusu nini, na kwamba alipoyasoma hakuona kuwa amepata chochote zaidi. Akaongeza kwamba nyimbo zake mwenyewe nyingi alizitunga kwa msukumo wa mlio wa maneno ya kwanza tu. Wapo wanaoyaona maelezo haya mawili kuwa yanapingana. Yakisomwa pamoja na muziki wenyewe hayapingani, kwa maana kile ambacho shairi lilimpa Schoenberg hakikuwa maana yake iliyoweza kufasiriwa, bali urefu wake, pumzi zake, mpangilio wa silabi nzito na nyepesi na mahali pake pa kunyamaza, na hivyo ndivyo vitu hasa ambavyo muziki usio na kituo ulivihitaji. Inafaa pia kujihadhari na ufafanuzi rahisi unaoufunga mfululizo huu na misiba ya nyumbani kwake, yaani kutoroka kwa mkewe Mathilde na mchoraji Richard Gerstl katika kiangazi cha mwaka 1908, na kujiua kwa Gerstl mwezi Novemba mwaka huo, kwa sababu nyimbo za mwanzo ziliandikwa mwezi Machi, kabla ya dhoruba hiyo kulipuka. Maumivu yalikuwapo, lakini njia ilikuwa imekwisha kukatwa.

Walioziimba kazi hizo mbele ya watu walikuwa wanawake, na hatari ilikuwa yao kabla haijawa ya mtunzi. Tarehe 21 Desemba 1908, katika Bösendorfer-Saal, Marie Gutheil-Schoder, soprano wa opera ya kifalme, aliimba mashairi mawili ya George ndani ya kwarteti ya pili ya nyuzi ya Schoenberg huku hadhira ikicheka na kupiga kelele. Tarehe 14 Januari 1910, katika Ehrbar-Saal, Martha Winternitz-Dorda aliuimba kwa mara ya kwanza mfululizo wa opus 15, Etta Werndorff akipiga piano, na katika maelezo ya programu Schoenberg alitangaza kwamba amekaribia ukamilifu wa usemi aliouwazia kwa miaka mingi na kwamba amevuka mipaka ya mafunzo ya kale ya uzuri. Ugumu wa mwimbaji katika kazi hii ni wa kiutendaji kabisa. Katika wimbo wa Schubert au wa Strauss, mwimbaji huipata noti yake katika sauti ambazo piano imezigonga hivi punde, kama mtu anayeona daraja kabla ya kulikanyaga; katika opus 15 piano mara nyingi humnyima msaada huo, ikishika mambo yake yenyewe, na mwimbaji hana budi kuubeba kichwani mwake umbali kati ya noti na noti. Wimbo wa 15, ambao ndio mrefu kuliko yote, humalizia kwa piano peke yake, sauti ikiwa imekwisha kunyamaza, na piano hiyo hukusanya vipande vya nyimbo zilizotangulia.

Wanafunzi wawili wa Schoenberg walimfuata kwa karibu. Alban Berg, ambaye kabla ya masomo hayo hakuwa ametunga karibu kitu kingine isipokuwa nyimbo, aliandika kati ya mwaka 1905 na 1908 tungo ambazo saba kati yake alizikusanya na kuzitolea matoleo ya piano na ya okestra mwaka 1928, na hizo leo huimbwa na soprano wengi kuliko kazi nyingine yoyote ya kundi hilo. Katika opus 2, iliyochapishwa mwaka 1910, nyimbo tatu za mwanzo bado zina alama za kituo, ila wa nne hauna, na msikilizaji makini anaweza kuusikia mlango ukivukwa ndani ya dakika chache. Anton Webern alikwenda mbali zaidi kwa njia ya ufupi, na nyimbo zake tano za opus 3, za maneno ya George vilevile, hunong’ona mahali ambapo watangulizi wake wangepaza sauti.

Itakuwa makosa kudhani kwamba waliokuwa wakinunua karatasi za muziki katika miaka hiyo walinunua hizi. Max Reger alitunga kati ya mwaka 1903 na 1912 nyimbo 60 nyepesi za opus 76, mmojawapo, Mariä Wiegenlied, ukiegemea lahani ya kale ya Noeli. Joseph Marx wa Graz alipata jina kwa nyimbo za joto na za sauti pana alizozimwaga kwa wingi kati ya mwaka 1908 na 1912. Na Hans Pfitzner aliendelea kuitetea njia ya kale kwa nyimbo na kwa makala za hasira. Kazi zao si duni.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliporarua dola za Ujerumani na Austria, Strauss alirudi katika wimbo kwa sababu ya kisheria. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha watunzi cha mwaka 1903 kilichodai haki miliki za maonyesho, na wachapishaji hawakumsamehe; kampuni ya Bote & Bock, iliyokuwa na mkataba wa kupewa nyimbo zake zijazo, ilimdai, naye akawapelekea Krämerspiegel, nyimbo 12 ambazo maneno yake, ya Alfred Kerr, yanawakejeli wachapishaji kwa majina yao. Kampuni ilizikataa na kwenda mahakamani, na Strauss, baada ya kushindwa, akawapa opus 67, ambamo mna nyimbo tatu za Ophelia kutoka Hamlet, nyimbo za ajabu zilizojaa mitetemo ya akili iliyovurugika. Mwaka huohuo wa 1918 alitunga nyimbo sita za maneno ya Clemens Brentano, opus 68, akiwa na sauti ya Elisabeth Schumann akilini, sauti nyepesi na ya fedha, na mwaka 1921 alisafiri naye Marekani akimpigia piano.

Vienna nayo, ikiwa na njaa, ilianzisha mwaka 1918 chama cha maonyesho ya faragha chini ya Schoenberg, ambamo makofi yalikatazwa, wahakiki hawakuruhusiwa kuingia na programu haikutangazwa mapema, ili kazi mpya isikilizwe badala ya kupigiwa kura. Huko Ujerumani, Paul Hindemith alitunga mwaka 1922 na 1923 mfululizo wa Das Marienleben kwa soprano na piano, juu ya mashairi 15 ya Rilke kuhusu maisha ya Bikira Maria, na humo sauti haibembelezwi tena na piano, kwa kuwa mistari ya muziki huenda sambamba kila mmoja ukiwa na uhuru wake, na wimbo wa pili umejengwa juu ya lahani moja ya chini inayorudiwa tena na tena. Hindemith aliuandika upya na kuutoa mwaka 1948 kwa utangulizi mrefu wa kujieleza. Toleo la kwanza, ambalo mpiga piano Glenn Gould alilitetea kwa nguvu, lina ukali wa ujana ambao marekebisho hayakuweza kuurejesha.

Katika muongo huo ndipo shairi lenyewe, lililokuwa limeubeba wimbo wakati kituo kilipoondolewa, lilipotupwa nje. Hanns Eisler, mwanafunzi mwingine wa Schoenberg, aliyefarakana na mwalimu wake mwaka 1926 kwa sababu za kisiasa, alitunga Zeitungsausschnitte, opus 11, zilizoimbwa Berlin mwezi Desemba 1927 na soprano Margot Hinnenberg-Lefèbre. Maneno yake ni kama yaliyokatwa gazetini, likiwamo tangazo la msichana anayetafuta mume na wimbo wa mtoto kuhusu vita. Eisler hakuwa akiudhihaki wimbo. Aliuliza kwa dhati kama watu waliojaa moshi wa viwanda wangeweza kuendelea kuimbiwa bustani za George, na baadaye, uhamishoni California, alijijibu mwenyewe kwa kurudi kwa washairi, Bertolt Brecht na Friedrich Hölderlin, katika mkusanyo wa nyimbo alioutunga hasa mwaka 1942 na 1943.

Uhamisho huo ulianza mwaka 1933, chini ya utawala wa Wanazi. Schoenberg alifukuzwa katika chuo cha sanaa cha Berlin akaondoka mwaka huohuo. Zemlinsky alifariki karibu na New York mwaka 1942. Viktor Ullmann, aliyewahi kusoma kwa Schoenberg na kutunga nyimbo nzuri za soprano, alifungwa Theresienstadt na kuuawa Auschwitz mwaka 1944. Strauss alibaki, na kati ya mwaka 1933 na 1935 alikuwa rais wa baraza la muziki la utawala wa Wanazi, doa ambalo nyimbo zake haziliondoi. Elisabeth Schumann na soprano mwenzake Lotte Lehmann waliondoka Austria mwaka 1938, wakafundisha Marekani, wa kwanza Philadelphia na wa pili California, na kwa njia yao namna ya kutamka shairi la Kijerumani ndani ya sauti ya soprano iliwafikia waimbaji wasioijua lugha hiyo tangu utotoni. Tarehe 23 Novemba 1948 Strauss, akiwa na umri wa miaka 84, alikamilisha wimbo mfupi wa soprano na piano uitwao Malven, akamtunukia Maria Jeritza, mwimbaji aliyekuwa akiishi Marekani, naye Jeritza aliuhifadhi bila kuuonyesha kwa yeyote hadi alipofariki mwaka 1982. Uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza New York mwezi Januari 1985 na Kiri Te Kanawa, soprano kutoka New Zealand.